Toroli la kunyanyulia mashine za pinboli linashuka lenyewe, nitengeneze au niachane nalo? Niko Mbeya

Mwana wa Loleza
Wakuu, habari za leo. Nina fremu ya michezo hapa Mwanjelwa, pool table tatu na mashine mbili za pinboli. Hizo pinboli niliuziwa na mzungu mmoja aliyekuwa anaishi Iringa, siku anafunga mizigo kurudi kwao. Akaniongezea na toroli lake la kunyanyulia, akasema bila hilo nitajuta. Alisema kweli.

Ni lile la mkasi: meza ya chuma juu, chini vyuma vinapishana, magurudumu manne, unakanyaga pedali meza inapanda kutoka sentimita 22 hadi 72 hivi. Kushusha unabana kishikio kwenye mpini, kama breki ya baiskeli. Kibandiko kinasema kilo 227.

Sasa limezeeka. Likiwa tupu linapanda vizuri tu. Weka pinboli juu yake, linafika nusu, ukiacha kukanyaga linaanza kuzama polepole. Dakika tano liko chini. Mwezi uliopita tulikuwa tunashusha mashine kwenye Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, likazama ghafla na kijana wangu ameweka mkono ukingoni. Alinusurika kwa kucha.

Nilipeleka gereji moja. Fundi akaongeza mafuta ya breki, akabadilisha sili (ile raba inayozuia mafuta yasivuje kwenye pistoni) kwa raba ya breki ya gari. Wiki ya kwanza raha mustarehe. Ya pili likarudi kule kule, na sasa pistoni inalia jasho la mafuta. Jipya nimeulizia Kariakoo, bei yake ni zaidi ya mauzo yangu ya miezi miwili. Nifanyeje?

Kijana wa Sokomatola
Mkuu pinboli ndo mdudu gani? Kama uzito ni wa friji si unaita washkaji wanne, soda moja moja, kazi imeisha.

Mwana wa Loleza
Hahaha. Ni sanduku refu lenye kioo juu, ndani kuna gololi ya chuma unairusha kwa springi halafu unaizuia isidondoke kwa vibawa viwili unavyobonyeza pembeni. Nyuma lina kichwa chenye taa. Linagonga kilo 115 hivi. Kulibeba washkaji wanne wanaweza. Shughuli ni miguu: kila mguu una bolti mbili, na sanduku lazima liwe hewani, limetulia, wakati unazifunga. Toroli ukiliingiza chini ya tumbo la mashine unafunga miguu yote peke yako huku unapiga mluzi. Washkaji wakichoka katikati unaletewa mguu uliopinda na lawama juu.

Fundi wa Mafinga
Kamwene. Mimi natengeneza jeki na matoroli ya pareti huku kwenye viwanda vya mbao, hilo lako ni ndugu yao wa damu. Usiliuze chuma chakavu. Ila yule aliyekuwekea mafuta ya breki amekuharibia, na kosa hili nalikuta kila mwezi.

Mafuta ya breki si jamii moja na oili. Sili za haidroliki ni raba ya aina nyingine, ukizitia humo zinavimba na kulegea. Upande wa pili hivyo hivyo: raba ya breki ukiitumbukiza kwenye oili ya haidroliki inavimba kama maandazi. Kwa hiyo wiki moja ya raha ilikuwa raba inavimba na kuziba, wiki ya pili ikaanza kumeguka. Kila raba iliyoguswa na mafuta yale itoke. Hata ambayo kwa macho unaiona nzima.

Ila kabla ya kufungua chochote, nijibu. Lile jasho lilianza kabla ya gereji au baada? Na likizama, pedali inarudi juu yenyewe kwa nguvu, au imetulia?

Mwana wa Loleza
Jasho ni baada ya gereji. Kabla yake lilikuwa linazama likiwa kavu kabisa. Pedali imetulia.

Fundi wa Mafinga
Basi ugonjwa wa kwanza haukuwa sili. Silinda kavu nje na mzigo unazama, maana yake mafuta yanarudi kwenye tangi kwa ndani. Yana njia mbili. Ya kwanza ni gololi ndogo inayozuia mafuta ya silinda yasirudi kwenye pampu. Hiyo ikivuja, mara nyingi pedali inakusukuma mguu. Yako imetulia, kwa hiyo mimi naanza na njia ya pili, vali ya kushushia.

Angalia waya unaotoka kwenye kishikio cha mpini. Ukikaza kidogo tu kupita kiasi, au ukishika kutu ndani ya ala yake, vali haifungi mpaka mwisho. Toroli tupu halina presha ya kutosha kukuonyesha, ukiweka kilo mia ndio unaiona. Chomoa waya kule chini kwenye vali, hakikisha kimkono cha vali kimerudi chenyewe, nyanyua mzigo uone. Likisimama, umepona kwa bei ya waya wa klachi ya bodaboda. Ukirudisha waya acha uchezecheze milimita mbili tatu kabla haujavuta.

Likiendelea kuzama, fungua. Toa vali, kuna springi na gololi, fanya kazi juu ya sinia jeupe la sivyo utaitafuta gololi mpaka Pasaka. Osha vyuma kwa mafuta ya taa, vikauke kabisa. Kikalio cha gololi kikiwa na mkwaruzo, weka gololi pale, igonge mara moja kwa kipande cha shaba na nyundo ndogo. Mara moja! Kisha itupe hiyo, weka mpya ya saizi ile ile.

Binti Uyole
Samahanini naingilia. Mmeongea yote lakini hakuna aliyemwambia afunge mkasi kwanza. Kaka, kabla hujapeleka mkono mle ndani, nyanyua meza tupu halafu simamisha gogo la mninga au kipande cha bomba nene kila upande kati ya fremu ya chini na ya juu. Matofali ya kuchoma hapana, yanapasuka. Ukifungua vali, meza inashuka bila kukuaga, na chuma kile kinapopishana hakuna kidole kinachobaki. Baba yangu alikuwa fundi, ninajua ninachokisema.

Fundi wa Mafinga
Dada yangu, nakuvulia kofia. Nilipaswa kuanza na hilo.

Mzee wa Parachichi
Vijana mnapenda mambo mengi. Jeki yangu hapa Tukuyu naiwekea oili ya injini 20W-50 tangu zamani na inanyanyua Fuso. Weka hiyo, acha kusumbuka.

Fundi wa Mafinga
Shikamoo mzee. Jeki ya chupa inavumilia kwa sababu haina haraka. Toroli la mkasi lina njia nyembamba, na oili ile ni nzito mara kadhaa kuliko inayotakiwa. Mwezi wa sita asubuhi, kwa baridi ya Mbeya, gololi inachelewa kukaa, pedali inakuwa ngumu, na meza inashuka kama inabembelezwa. Oili yake ni ya haidroliki namba 32. Ukiikosa, ATF nyekundu ile ya gia boksi ya otomatiki uzito wake unakaribiana sana, na haili sili.

Mzee wa Parachichi
Marahaba. Basi mimi na jeki yangu tutazeeka pamoja.

Mpakani Tunduma
Kuhusu sili usiende dukani kuomba "sili ya toroli", watakuangalia tu. Nenda na pistoni yenyewe na sili ya zamani, ila usipime ile ya zamani kwa kuwa imevimba. Pima chuma: unene wa pistoni, upana wa mfereji sili inamokaa na kina chake. Hivyo vipimo vitatu vinatosha. Duka lolote linalohudumia forklifti na magari ya tipa linayo. Pistoni ikiwa na michirizi inayokwaruza ukucha, sili mpya haitamaliza mwezi, tafuta mkerezaji kwanza. Pale SIDO Mbeya, lile shirika la viwanda vidogo, kuna karakana, anzia huko.

Mwana wa Loleza
Nimerudi wakuu. Binti Uyole, niliweka magogo mawili. Asante, kwa sababu nilipochomoa waya meza ilicheza na kushuka sentimita moja ikakaa juu ya magogo.

Waya ulikuwa umeshika kutu, lakini peke yake haukuwa mchawi. Kuuchomoa kulipunguza kasi tu, dakika tano zikawa ishirini. Nikafungua vali. Kwenye kikalio kulikuwa na chembe za rangi ya fedha kama unga wa chuma, na mafuta yaliyotoka yalikuwa ya rangi mbili yasiyochanganyika, kama chai ya maziwa iliyoganda. Sili ilitoka kwa vipande. Pistoni haina michirizi, namshukuru Mungu.

Nimeweka sili mpya na oringi (pete za raba) mbili, gololi mpya, nikasafisha tangi kwa oili mpya mara mbili nikiimwaga, ya tatu ndiyo ikabaki. Sasa pedali ni laini kama godoro na meza haipandi hata tupu!

Fundi wa Mafinga
Hiyo ni hewa, usiogope. Shusha meza mpaka chini kabisa, bila mzigo. Bana kishikio cha kushushia ukiwa umeshikilia, kanyaga pedali mara 10 hadi 15 taratibu. Achia, kanyaga kawaida. Rudia mpaka iwe ngumu. Halafu angalia kimo cha mafuta meza ikiwa chini. Ukijaza ikiwa juu, siku ya kushusha yatamwagika sakafuni yote.

Mwana wa Loleza
Raundi ya tatu ikanyanyuka! Jana usiku nimeweka pinboli juu, gololi yake nimeitoa, kichwa nimekilaza na kukifunga kwa mkanda, magogo chini yakiwa na nafasi ya vidole viwili. Nikachora mstari wa chaki ukutani usawa wa meza. Leo saa moja asubuhi imeshuka kama unene wa shilingi mia mbili. Ndaga fijo wote, fundi hasa.

Fundi wa Mafinga
Usiku mzima na mzigo? Hiyo mimi nakubali. Sasa tia grisi kwenye pini za mkasi na vile vigurudumu vinavyokimbia ndani ya reli, maana nina uhakika hukuvigusa.

Mwana wa Loleza
Sikuvigusa.

Kijana wa Sokomatola
Mimi nauliza tu, mchezo mmoja wa hiyo gololi ni shilingi ngapi?