MREJESHO: Kelele za korona na taarifa zenye mihuri

Wakuu, habari za leo. Niliomba msaada kuhusu kero mbili za sisi tunaoandika habari za mkonge huku Tanga: mahojiano yanayomezwa na kelele za korona (ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge zibaki nyuzi), na taarifa kwa vyombo vya habari zinazotumwa kama picha ya karatasi, huwezi kunakili hata neno.

Asanteni sana. Aliyesema ninunue maiki ndogo ya kubana kwenye kola, Mungu akubariki. Niliongeza na ule ushauri wa kumvuta mtu hadi uwanjani, nyuzi zinakoanikwa: sauti imetoka safi, upepo kidogo tu. Programu ya kuondoa kelele ndiyo imenishinda. Iliondoa mashine kweli, ikaondoka na nusu ya maneno ya meneja, na yaliyobaki ni kama anaongelea ndani ya mtungi.

Kusoma picha kwa simu, igeuke maandishi ya kunakili, kunafanya kazi, hadi ufike kwenye muhuri. Ule wino wa zambarau hugongwa palepale penye tani. Hapo inabidi nipige simu, na msemaji yuko kikaoni (vikao vya watu hawa haviishi). Takwimu za zamani hazina shida: mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000, na wazee wa mkonge hapa mjini wanakutajia bila kuulizwa. Za mwaka huu ndizo ziko chini ya wino.

Kwa hiyo la korona limeisha. Mwenye dawa ya muhuri, bado nipo.