Majirani Mjimwema: kuku wetu na kimbunga Hidaya

*Ijumaa 3 Mei 2024*

Mjumbe: Majirani habari za jioni. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wametoa tangazo jingine, Hidaya bado anasogea, Mafia, Lindi, Mtwara, Pwani na huku kwetu Dar upepo mkali na mvua kubwa usiku huu mpaka kesho. Boti za Unguja zimesimamishwa. Chajini simu mapema na wenye watoto wadogo kwenye nyumba za bati chakavu njooni kwangu nafasi ipo

Baba Mapacha: Asante mjumbe. Mm naomba kuuliza kuhusu kuku, nina chotara 60, banda la mabanzi juu bati, niwafanyeje jamani

Fundi: Chukua turubai funika pande zote nne kaza na kamba, hata tone haliingii

Mama Mayai: Fundi hapo hapana kaka angu. Kuku 60 ndani ya turubai usiku kucha hewa itatoka wapi, kile kinyesi kikipata unyevu kinatoa amonia ile harufu ya kuwasha macho, asubuhi unawakuta wanakoroma na mafua juu. Halafu turubai likishika upepo ni kama tanga la jahazi, linang'oa banda na mirunda yake yote

Fundi: Basi afunike upande mmoja ule unaotokea upepo

Mama Mayai: Siku ya mvua ya kawaida ndio, sawa kabisa. Ila hiki ni kimbunga, upepo wake unazunguka, huu unaopiga saa hizi sio utakaopiga alfajiri, utakuta umefunika kusini mvua inaingilia kaskazini. Baba Mapacha watoe kuku humo leo, sasa hivi kabla upepo haujakolea. Jiko lako la nje si la tofali?

Baba Mapacha: La tofali ndio na juu lina kenchi nzuri. Ila kuwakamata sasa hivi si watatawanyika mtaa mzima

Mama Mayai: Subiri giza liingie. Kuku gizani haoni, akishapanda kwenye fito zake kulala unamchota tu. Usiwashe taa kubwa, tochi ya simu iwekee kitambaa. Mshike kwa mikono miwili ubane mabawa, msiwabebe miguu juu kichwa chini, hasa wale wanaotaga wanaumia. Kumi kumi kwenye tenga inatosha. Chini mwaga maranda au tandika maboksi, sakafu ya simenti inawatia baridi. Na jiko lisifungwe tii, dirisha la juu acha wazi

Bibi: Majogoo msiwachanganye na wenzao chumba kidogo watatoana macho. Kila jogoo mfunikie tenga lake weka tofali juu

Mama Mayai: Shikamoo bibi, umesema kweli tupu

Bibi: Marahaba mwanangu. Mimi kimbunga nakijua, Aprili 1952 tulikuwa Lindi mtoto mdogo mimi, tuliamka minazi imelala chini. Mama alikuwa ameingiza kuku uvunguni mwa kitanda tangu jioni. Msingoje usiku wa manane

Mpangaji wa Kona: na anayeatamia je? wangu ana mayai 11, yuko siku ya 15, nikimgusa si atayasusa

Mama Mayai: Mhamishe wa mwisho giza likishakuwa totoro, mbebe pamoja na beseni lake asinyanyuke kwenye mayai. Muweke kona yenye giza mfunikie gunia kwa juu asione watu wanavyopita. Hata akinyanyuka kidogo mayai hayaharibiki kwa dakika chache, kinachoyaua ni kupoa muda mrefu au kulowa

Shemeji: Wifi mimi nina vifaranga 100 wana wiki moja tu, natumia balbu kuwapa joto, na umeme mnaujua ukipiga upepo kidogo tu unakata. Nimepanga kuwawekea jiko la mkaa chumbani tulale nao

Mama Mayai: Shemeji NAKUOMBA usilale na jiko la mkaa chumba kimoja na watoto. Ile gesi ya mkaa haina harufu haionekani, watu wanalala hawaamki. Vifaranga waweke stoo, mkaa uwashie nje mpaka uwe mwekundu wote usiwe na moshi ndio uingize kwenye chungu, juu acha nafasi hewa itoke, nyie laleni chumba kingine mwamke zamu zamu. Kama hilo gumu chemsha maji jaza kwenye chupa zifunge na kanga uziweke katikati yao, zikipoa unabadilisha. Wapunguzie eneo, tumia boksi kubwa badala ya bruda nzima, hilo eneo lote la kulelea, joto lisitawanyike

Shemeji: ntajuaje joto limetosha sina kipimajoto

Mama Mayai: Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35, lakini waangalie wao wenyewe. Wakirundikana wakilia wana baridi, na kurundikana ndiko kunaua maana wa chini anakanyagwa. Wakikimbilia pembeni midomo wazi joto limezidi. Wakitawanyika wametulia uko sawa

Baba Mapacha: Na banda lenyewe niliache tu?

Fundi: Bati weka viroba vya mchanga usiweke tofali, tofali likiruka linaua mtu. Kenchi zifunge na waya kwenye mirunda. Nakuja dk 10 nina waya nyumbani

Mama Mayai: Na chakula jamani, magunia ya mashi, ule unga wa kuku, yapandisheni juu ya meza. Mashi ikilowa inapata ukungu ndio sumukuvu hiyo

Mjumbe: Sawa, ila upepo ukishapanda hakuna mtu kutoka nje kufuata kuku. Nasisitiza 🙏

*Jumamosi 4 Mei 2024*

Mjumbe: Alhamdulillah tumeamka. Kila nyumba iseme ipo salama

Baba Mapacha: Ss salama. Upepo umeondoka na bati mbili za banda na fito zote zimelala kwenye tope, yaani wangekuwemo sijui tungeongea nini. Kuku wote wazima jikoni wanadai pumba

Shemeji: umeme ulikata usiku. Vifaranga wamekufa wawili tu wengine wanakula. Chupa zimesaidia sana wifi Mungu akubariki

Mpangaji wa Kona: wangu ameendelea kuatamia. ila kuku wa jirani nimemkuta kwenye mtaro amelowa chapachapa anatetemeka

Mama Mayai: Mfute na kitambaa kikavu mpaka kwenye ngozi, muweke kwenye boksi karibu na jiko sio juu yake, mpe maji ya uvuguvugu. Asirudi kwa wenzake mpaka manyoya yakauke kabisa

Baba Mapacha: niwarudishe leo nikishapiga bati?

Mama Mayai: Usiwarudishe kwenye unyevu. Toa maranda yote ya zamani, fagia, nyunyizia chokaa, acha pakauke ndio umwage mapya. Maranda mabichi ndio yanaleta ugonjwa wa koksi, utaona kuhara damu hasa wale wadogo. Na usikimbilie kuwachanja kideri leo wamechoka wana msongo, wape vitamini kwenye maji siku kadhaa kwanza. Mayai yatapungua msishtuke, yatarudi. Waliokufa wachimbiwe shimo refu wasitupwe mtaroni, maji haya yanapita kwa kila mtu

Mjumbe: Taarifa mpya, TMA wanasema Hidaya amepoteza nguvu baada ya kuingia Mafia. Mvua bado ipo lakini

Bibi: Tuwaombee wa Mafia na Kilwa, kule ndio kumekuwa kugumu

Shemeji: Amin bibi

Fundi: Kesho asubuhi nazunguka na misumari ya bati, nani mwingine limeng'oka

Mpangaji wa Kona: mm bati moja, lile la juu ya choo

Baba Mapacha: Anzia kwa bibi fundi, mm kuku wangu wanaweza kukaa jikoni hata siku tatu. Na tenga tano ni za Mama Mayai nazirudisha jioni hii