Ulinganisho: kitabu kipi kati ya hivi vitatu vya upelelezi?

Msomaji wa Usiku: Wakuu, hela yangu inatosha kitabu kimoja. Nimebaki na *The Memoirs of Sherlock Holmes*, *The ABC Murders* (1936) na *Whose Body?* (1923). Nataka chenye maradhi ya akili na mishipa ya fahamu yaliyoelezwa vizuri.

Mama Tunu: Unamnunulia nani? Kiingereza cha zamani anakiweza? Bila hayo tunapiga ramli.

Kaka wa Pwani: Chukua *Memoirs*. Mwandishi wake, Conan Doyle, alikuwa daktari. Tasnifu yake ya 1885 pale Edinburgh ilihusu tabesi, kaswende ikishafika uti wa mgongo. Kitabuni humo kuna tapeli anayejifanya amekakamaa. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu anampima mapigo, joto na misuli, na bado anadanganyika.

Nesi Mstaafu: Humo humo Percy Phelps anapotelewa na hati ya serikali, mshtuko unamlaza wiki 9 na "homa ya ubongo". Wodini sikuwahi kuona kitu hicho.

Kaka wa Pwani: Si ndiyo homa ya uti wa mgongo?

Nesi Mstaafu: Hapana. Ile inaletwa na vimelea, hailetwi na huzuni. Tusichanganye.

Dada wa Kilosa: Mdogo wangu ana kifafa. Akiwa darasa la tano alianguka darasani. Wenzake wakakimbia, mwalimu akakataza asiguswe, eti povu linaambukiza. Akabaki sakafuni peke yake, uso chini, mpaka nilipoitwa kutoka darasa la saba. Shule hakurudi mwaka mzima. Nilipokuja kusoma *The ABC Murders* nikamkuta Cust, aliyeumia kichwa vitani, anapotewa na fahamu, na karibu kila mtu anaamini ndiye muuaji, hata yeye mwenyewe. Nililia. Na wala siye.

Kaka wa Pwani: Dada, umeshafichua mwisho!

Dada wa Kilosa: Samahani, lakini mwenye kifafa ana haki ya kujua mapema.

Mama Tunu: *Whose Body?* mmeiacha. Mpelelezi wake, Wimsey, vita vimekwisha lakini usiku bado anasikia mizinga. Anayemtuliza ni mtumishi wake Bunter, sajini wake wa zamani.

Msomaji wa Usiku: Ni cha baba. Alipigana Uganda 1979. Mpaka leo mlango ukibamizwa usiku anaruka kitandani. Kiingereza anasoma.

Nesi Mstaafu: Mpe pole sana. Ameshaonwa na mtu wa afya ya akili?

Mama Tunu: Basi nafuta kauli yangu ya *Whose Body?* Kisome wewe kwanza.

Dada wa Kilosa: Mimi naona ndicho hasa cha kumpa.