Tupeane uzoefu: siku uliyoijua thamani ya maji ukiwa safarini na familia

Kanyagio Moja
Wakuu, kwema? Julai mimi, mama watoto na wanetu wawili tuliendesha baiskeli kando ya mto Danube, kutoka Passau, Ujerumani, mpaka Vienna. Kilomita 300 na ushee, njia tambarare, wazee wanakupita huku wanapiga mluzi. Nikajiaminisha: mto tuko nao siku nzima, maji yatatupigaje chenga?

Siku ya tatu ikawa Jumapili. Vijijini kule Jumapili maduka yamefungwa kufuli. Saa nane mchana tumebakiwa na chupa ya nusu lita, vichwa vinne. Mama watoto akaichukua, akaanza kugawa kwa kifuniko: kimoja kimoja, mdogo kwanza. Mtoto akanywa, kisha akakilamba kile kifuniko kwa ndani. Na mto huo hapo, umejaa, meli za watalii zinapita.

Tukaona makaburi ya kijiji. Bomba lipo, na makopo ya kumwagilia maua yametundikwa pembeni. Nimeshafungua, nimeshainama, binti yangu akapiga kelele: "Baba, wameandika *Kein Trinkwasser*!" Si ya kunywa. Nikaishia kunawa uso. Bibi mmoja aliyekuwa anapalilia kaburi akatuita kwake bila maneno mengi, akatujazia chupa zote sita jikoni. Ya baridi hadi chupa zikatoka jasho.

Mimi mtoto wa Manzese, dumu la lita 20 nimelibeba sana tu. Miaka kumi na moja ya Ulaya imenisahaulisha. Nani mwingine yamemkuta?

Mama Zawadi
Pole, ila sisi makaburini ndiko kulikotuokoa! Ufaransa, kando ya mto Loire. Ukikuta *eau potable* (maji ya kunywa) jaza, ukikuta *non potable* (si ya kunywa) pita zako. Kilichotuuma ni mgahawani: siku ya kwanza tuliagiza maji ya chupa watu watano, bili ilipokuja baba Zawadi akaisoma mara mbili. Kumbe ukiwa unakula unaomba tu *carafe d'eau*, wanakuletea jagi la bomba bure, na ni sheria yao.

Bin Seif
Sisi ilikuwa Oman, Desemba, tumekwenda kwa shangazi Nizwa. Tukakodi baiskeli, tukawa tunazunguka na watoto kwenye mashamba ya mitende yanayonyweshwa na falaji, ile mifereji yao ya asili ya maji. Kule nje ya misikiti na kuta za nyumba kuna mashine za maji baridi, sabili. Kijana wangu akaona raha, akaosha na miguu yenye vumbi. Shangazi akamkuta: "Mtu kaitoa sadaka anywe mwenye kiu, wewe unaoshea ndala?" Nilitamani ardhi inimeze. Mimi ndiye nilikuwa nimesimama namsubiri amalize.

Mzee wa Busara
Kanyagio, unaishi Ulaya miaka yote hiyo hujui Jumapili wanafunga? Huo ni uzembe, usiusingizie mto.

Kanyagio Moja
Nakubali mkuu, na mama watoto alishanihukumu hapohapo njiani. Ila Vienna nililipwa. Maji ya mji ule yanatoka milimani, tangu 1873 yanateremka yenyewe bila pampu, na mabomba ya kunywa yako mitaani. Mdogo hakuruka hata moja. Tukawa tunasimama kutafuta choo kila baada ya robo saa.