Mtama unanyauka Dodoma, kwa nini tusome nyasi za Antaktika?

Mkulima wa Chamwino: Mwanangu anasomea sayansi ya mimea hapa mjini, na andiko lake linahusu Antaktika, bara lenye aina mbili tu za mimea ya asili inayotoa maua. Mtama wangu unakunja majani saa nne asubuhi. Kwa nini ada yangu iende kwenye barafu?

Mwalimu wa Jioni: Mzee wangu, mtama ukinyauka tutabishana hadi usiku kama kosa ni la mvua, la mbegu au la palizi iliyochelewa, ilhali kule hakuna mkulima wa kulaumiwa, hivyo mmea ni kama kipimajoto. Katika kisiwa cha Signy, hukohuko Antaktika, mimea hiyo miwili ilienea kati ya 2009 na 2018 kwa kasi kuliko ilivyoenea miaka 50 iliyotangulia, kwa kuwa majira ya joto yamezidi kuwa na joto. Hata Kilimanjaro mimea inasema: mpaka wa juu wa msitu umeshuka badala ya kupanda, kwa sababu mlima umekauka na warina asali wanauchoma.

Binti Manyoni: Hilo la warina asali sitalipita kimya. Marehemu baba alirina Itigi maisha yake yote, na kabla hajaonja hata sega moja alikuwa amekwisha kuufukia mwenge wake mchangani na kupapasa kwa kiganja kama pamepoa. Mwalimu, umewahi kupanda mti wenye mzinga?

Mwalimu wa Jioni: Sijapanda, dada, wala sikusema wote. Watafiti wa mlima ule ndio waliowataja, pamoja na wawindaji haramu.

Mpiga Kura wa Kizota: Mwalimu amejifunga mwenyewe. Ikiwa moto wa binadamu unashusha msitu, basi mmea si kipimajoto. Hata huko Signy, sili, wale wanyama wa baharini waliokuwa wakipanda nchi kavu na kukanyaga nyasi, walipungua katika miaka hiyohiyo.

Mwalimu wa Jioni: Walipungua, na watafiti walewale walilieleza hilo, ila joto ndilo walilolipa uzito zaidi. Moto nao hushika palipokauka.

Mkulima wa Chamwino: Kumbe nalipa ada mtoto akatenganishe joto na matumbo ya sili! Afadhali angeanza na ng'ombe wa jirani yangu, ambao nao wamo katika huo mtama.

Binti Manyoni: Mzee, samahani, Mwalimu bado hajanijibu. Mvua ikipungua mlimani, anayeandikwa wa kwanza ni mrina asali?