Mrejesho: Vigo yangu niliyotaka kuinyanyua mbele
Wakuu nimerudi, ni yule wa pikapu ya Toyota Hilux Vigo iliyoinama pua, niliyeuliza jinsi ya kuinyanyua mbele, mkaniambia spesa (vipande vya kuongeza kimo juu ya springi za mbele) zisizidi inchi 2 na nisikose alaimenti (kupima na kunyoosha mkao wa matairi). Basi fundi akafunga, gari ikakaa levo safi kabisa ila alaimenti akasema haina haja, nami nikaondoka. Wiki tatu tu, nikipitisha kiganja kwenye tairi la mbele nasikia ncha ncha kama msumeno, na usukani unavuta kushoto! Nimepeleka kwenye mashine, toe (mwelekeo wa matairi ya mbele, kuelekea ndani au nje) ilikuwa nje ya kipimo kabisa, sasa imenyooka. Taa nazo shusheni jamani, pua ikipanda zinapiga juu, madereva wa mbele walikuwa wananiwashia fulu kila usiku. Asanteni sana kwa kweli.