Mehfili ya sitar sebuleni, watu 30 na chakula cha usiku: ipangweje?

Mkeka_Mweupe: Wakuu, salaam. Sebule ni mita 5 kwa 6, Upanga, ghorofa ya pili. Mpiga sitar (ala ya nyuzi ya Kihindi) mmoja, mpiga tabla (ngoma mbili za mkono) mmoja, wageni 30, chakula cha Kigujarati. Naomba ushauri kuhusu vikao, kiyoyozi, ratiba na vipimo vya jikoni. Kuna haja ya spika?

Fundi_Tabla: Spika achana nazo. Sebule ya ukubwa huo sitar inasikika hadi ukutani, na ukiongeza sauti tabla itaimeza.

Kinachoharibu shughuli nyingi za pwani ni hewa. Ngozi ya tabla hunywa unyevu ikalegea, sauti ikashuka. Ukiwasha kiyoyozi inakauka, inakaza, sauti inapanda. Nyuzi za sitar nazo ni za chuma: baridi huzikaza, joto huzilegeza. Sasa wengi huwasha kiyoyozi wageni wakishaingia, wakakizima muziki ukianza ili kisivume. Hapo hali ya hewa imebadilika mara mbili, na msanii atakuwa anafunga nyuzi badala ya kupiga. Kiwashe saa mbili kabla, nyuzi joto 25 au 26, usikiguse tena, na upepo usielekee jukwaani. Ala zitolewe kwenye mifuko yake angalau dakika 45 kabla ya kuanza. Taa kali ya karibu nayo huzipasha nyuzi, iweke mbali.

Muulize mpiga sitar Sa yake (noti ya msingi) iko wapi. Mara nyingi ni karibu na C sharp, na tabla ya kulia (ile ngoma ndogo) lazima iwe ya kipimo hicho. Tabla ya sauti ya juu zaidi huwezi kuishusha kwa nyundo mpaka huko. Italegea na kukosa mlio. Nyundo kwenye vipande vya mbao vya ubavuni ni kwa marekebisho makubwa, kwenye ukingo uliosukwa ni kwa madogo: ukigonga kuelekea chini sauti inapanda, ukigonga kutoka chini inashuka. Mtayarishie na poda ya mikono.

Bi_Samli: Kwanza jua nani anakula nini. Wajaini hawali kitunguu, saumu wala viazi, na wapo wasiokula kabisa jua likishazama. Hao waandalie sahani saa 12 kasoro; ukiwaambia "chakula baada ya muziki" umewalaza na njaa.

Kichri kwa watu 30: mchele kilo 2, chooko za kupasuliwa kilo 1, maji lita 10, manjano, chumvi, samli nusu kilo (nyingine ya kumwagia juu). Kichri hukaza ikikaa, kwa hiyo weka lita 2 za maji ya moto pembeni. Kadhi (ya kula, si wa mahakamani): mtindi lita 2, unga wa dengu gramu 250, maji lita 4. Piga unga na mtindi pamoja *kabla* ya kubandika, kisha koroga bila kuacha mpaka ichemke, la sivyo inakatika. Mwishoni kaangia samli, bizari nzima, uwatu na mvuje. Mvuje ndio unaoshika nafasi ya saumu.

Usikaange puri muziki ukiendelea. Moshi utafika sebuleni kabla ya puri. Thepla (chapati nyembamba za viungo) hupikwa mchana, zikafungwa kitambaani, zinabaki laini.

Jamvi_la_Nyuma: Ratiba: angalia saa ya adhana ya isha siku hiyo. Alapu, yaani ufunguzi wa sitar peke yake, ni polepole na haina tabla. Ikikatwa katikati hairudi. Vitafunio na chai saa 1:00, muziki saa 2:00 kamili. Alapu, kisha jor (mapigo yanaanza) na jhala (mwendo wa kasi), jumla dakika 40; gat, yaani vipande vinavyopigwa pamoja na tabla, dakika 30; kisha kipande kifupi. Saa hiyo raga (mtindo wa noti) ya Yaman inafaa. Raga ya Bhairavi ni ya asubuhi, lakini kwa kufungia wanairuhusu. Chakula saa 3:45.

Jukwaa: mita 2 kwa 2.5, kimo sentimita 25, lisiwe tupu chini likavuma. Zulia, kisha shuka nyeupe. Wazee wawekewe viti ukutani nyuma. Viatu mlangoni, na miguu isinyooshwe kuelekea wasanii.

Mkeka_Mweupe: Shukrani. Wasanii nao wale kabla?

Bi_Samli: Kidogo tu, saa mbili kabla, wasije wakapiga huku wamevimbiwa. Baada ya hapo maji ya uvuguvugu. Wakimaliza, wao ndio wapakuliwe kwanza.

Fundi_Tabla: Na friji, mkuu. Likiwa karibu na sebule lichomoe saa 2 kasoro. Mngurumo wake una noti yake, na haitakuwa Sa yenu.